Shumizi za Sukari

International City, Dubai
4 Septemba 2025

Kwa nyanya yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima alhamdulillah, nimekonda kidogo tu, usimwambie mjomba. Najla hajambo? Bado analala na kanga yangu? Mwambie mamake anamnusa hata akiwa huku.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani nikipiga inasikilizwa na nyumba nzima mpaka paka, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Nimetoka kwenye kazi za ndani. Nimepata kazi ya kushona na kupiga pasi katika jumba la maonyesho. Wanatayarisha mchezo wa kuimba, habari za vijana wa zamani za rokenrol, wavulana wamejipaka mafuta nywele, wasichana wana sketi pana mpaka hazipiti mlangoni. Nyimbo zote ni za zamani, hawakutunga mpya hata moja. Watu wazima wakizisikia kwenye mazoezi wanafuta macho. Nikakukumbuka wewe na ile picha yako ya gauni la mwavuli, ulipokuwa na miaka kumi na sita.

Sasa shida ni shumizi. Sketi hazisimami. Zile za wavu za dukani zinawakwaruza wachezaji mapaja, na Madam Huda, mkubwa wetu wa mavazi, amesema atakayemsimamishia sketi atampenda kama binti yake. Tuko wawili tu kwenye chumba cha mavazi, mimi na Hamida, yule shoga yangu wa Mombasa ninayelala naye chumba kimoja. Mchezo ukianza, mmoja wetu atapewa mkataba wa miaka miwili na chumba chake mwenyewe. Mwengine atarudi nyumbani, maana viza zetu za matembezi zinaisha 30 Oktoba. Nyanya, mwenye chumba chake anaweza kumwita mwanawe aje japo miezi miwili. Unajua ninachoomba kila sala.

Nyinyi mlifanyaje? Nijibu kwa mizigo ya Mahfudh, ofisi yake ipo Al Ras. Hamida hupita huko kila Jumatatu kununua uzi na zipu, atanichukulia.

Mjukuu wako,
Ummi

*

Kibokoni, Mombasa
13 Septemba 2025

Kwa Ummi, mke mwenzangu,

Waalaykum salaam. Barua nimeipata na nimeisoma mwenyewe, miwani bado inafanya kazi. Goti ni lile lile. Najla mzima, ana mdomo kama wako. Jana kamwambia mjomba wako kuwa anakoroma kama jenereta.

Mimi nalikuwa mtoto wa santuri, usinione hivi. Jumapili mchana kulikuwa na dansi la vijana ukumbini, twisti na hiyo rokenrol yenu. Tulitoka nyumbani na buibui juu, shumizi ndani, mtu akikuona hudhani umebeba ngoma kwenda harusini.

Dawa ni wanga wa muhogo. Koroga vijiko vitano kwa maji baridi, kisha umimine maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uwe kama uji mwepesi. Kwangua mshumaa mweupe kidogo utie humo, ndio unaozuia nguo isipasuke mikunjo. Chovya shumizi, kamua. Halafu, na hapa ndipo wengi hawajui, usianike kwenye kamba. Fungua mwavuli, uivishe shumizi mwavuli ule, ikauke kwa umbo lake. Itasimama saa nne nzima na mtu akiruka. Wakati ule naliitwa jina fulani la dansini, nitakuhadithia siku nyengine.

Huyo Hamida ni mtoto wa nani? Mombasa ni ndogo.

Nyanyako,
mke mwenzio

*

Dubai
29 Septemba 2025

Nyanya yangu,

Salamu nyingi, na nisamehe mwandiko, naandika haraka. Barua hii nimempa Mahfudh mwenyewe mkononi. Ukijibu, muandikie aiweke mpaka nije mimi.

Barua yako ilinifikia siku tatu baada ya kuwasili. Kabla hata sijaiona, niliingia kazini nikamkuta Hamida kasimama mbele ya Madam Huda na mwavuli wazi, juu yake shumizi imekauka ngumu kama sahani. Madam anapiga makofi. Anamwita habibti.

Nikadhani ni bahati tu. Jioni ndipo akanipa barua yako, eti alisahau kwenye mkoba. Bahasha ilikuwa imebandikwa upya. Nikainusa. Gundi ya kope za bandia, zile wanazobandika wachezaji. Harufu yake naijua, naisafisha kila siku.

Nikamwambia, "Hamida, umesoma barua ya nyanya yangu."

Akacheka, anajipaka losheni miguuni. "Barua gani, shoga? Wanga wa muhogo kila kizee cha Mombasa kinaujua. Au nyanyako ndiye aliyeumba muhogo?"

"Na mshumaa? Na mwavuli?"

"Nenda kamwambie Madam. Mwambie kwa Kiingereza chako kile cha darasa la saba. Yalla, nenda."

Sikwenda. Sasa yeye ndiye mkuu wa sketi na mimi napiga pasi soksi. Ananiita msaidizi wake mbele za watu. Usiku analala usingizi mzuri, namsikia. Nyanya, mimi si mtu wa chuki, wewe umenilea. Lakini kila nikimtazama naona ameshika pasi ya kusafiria ya Najla anaichana. Nataka nimrudishie. Nifundishe.

Umeniuliza ni mtoto wa nani. Ni mjukuu wa Bi Ashwaq wa Kuze, yule mwenye kipini cha dhahabu.

Mjukuu wako anayeungua,
Ummi

*

Kibokoni
6 Oktoba 2025

Ummi wangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Futa machozi, kisha usome polepole, na ukimaliza uchane.

Jina langu la dansini lilikuwa Bi Sisimizi. Mwaka wa sitini na tatu shoga yangu mmoja alinifundisha kutia shumizi sukari. Maji ya sukari yaliyochemshwa yakawa mazito, hakuna wanga. Lo, ilisimama hiyo, ikameta. Nikaiacha chini ya kitanda siku mbili kungoja Jumapili. Ukumbini wimbo wa kwanza nalikuwa malkia. Wimbo wa pili jasho likatoka, sukari ikayeyuka, shumizi ikaninata mapajani kama karatasi ya kashata. Wimbo wa tatu sisimizi walioingia mikunjoni wakaamka. Nalicheza twisti ambayo haijachezwa tena Mombasa. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na kijana aliyekuwa anifanyie posa, Yaqoub, alicheka kuliko wote. Wiki ya tatu akamposa yule shoga yangu. Jina lake nimelitunza mahali.

Sasa sikiliza. Pamoja na hii nimetuma barua nyengine, itapita mlango wa mbele, mkononi mwa huyo msichana. Wewe usimdanganye, usimsukume, usiguse kitu. Hiyo ni barua yako, imefungwa, ina jina lako. Asiyeifungua hatapata dhara. Akiifungua, kajipikia mwenyewe. Mimi sitamlisha mtu sumu, nitaiacha sahani tu mezani.

Wewe tia wanga shumizi zako pembeni, uziweke tayari.

Nyanyako

*

Kibokoni
6 Oktoba 2025

Kwa mjukuu wangu Ummi,

Assalaam alaykum. Hatujambo sote, Najla anakusalimu. Natumai kazi inaendelea vizuri.

Mwanangu, wanga niliokufundisha ni wa kila siku. Kwa siku kubwa kuna siri ya wenyewe, ambayo sijampa mtu tangu ujana wangu. Vikombe vitatu vya sukari kwa kimoja cha maji, chemsha mpaka ivute uzi. Chovya shumizi, anika kwenye mwavuli, uzihifadhi zimekunjwa siku tatu chini, mahali pa giza. Zitasimama na kumeta mbele ya taa mpaka Madam wako akupe mkataba hapo hapo.

Usimwambie mtu. Hasa huyo Hamida.

Nyanyako akupendaye

*

Dubai
27 Oktoba 2025

Kwa nyanya yangu,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote, goti? Najla? Mimi ni mzima, na sasa kaa kwenye kiti.

Barua yako ya mlango wa mbele ilinifikia imechelewa siku nne. Gundi ya kope tena. Nikaifungua, nikaisoma, nikaitia kabatini bila neno. Wiki ile Hamida alirudi kazini na kilo kumi za sukari, anasema ni za chai ya wachezaji. Shumizi kumi na mbili alizikunja akaziweka ghala la chini, ukuta mmoja na jiko la mkahawa.

Jumamosi saa kumi jioni mchezo ukafunguliwa. Ukumbi ulijaa, wazee wa kila rangi wanaimba pamoja na jukwaa. Wasichana walipotoka, nyanya, zile sketi zilifunguka kama miavuli kumi na mbili, zinameta. Watu walipiga makofi kabla hata hawajacheza. Madam Huda alimshika Hamida mkono. Hamida akanigeukia, akanikonyeza.

Nikasema moyoni, umeniweza nyanya, siri ilikuwa kweli.

Wimbo wa tatu nikaona Angella, mchezaji mmoja Mganda, anavuta sketi kwa vidole. Wimbo wa nne hazikufunguka tena, zilikuwa zimewaganda miguuni kama ngozi. Halafu mmoja akaruka pasipo na kuruka. Mwengine akajikuna. Mwisho wote kumi na wawili wanapiga mateke, wanajipiga mapaja, na watu ukumbini wakadhani ndiyo rokenrol yenyewe, wakasimama kushangilia. Pazia likashushwa katikati ya wimbo.

Nyuma ya jukwaa Madam alishika shumizi moja, akalamba kidole. "Hii ni sukari. Hamida, umetia nini hapa?"

Hamida akatoa simu. "Si mimi, madam. Ni nyanyake Ummi ndiye kaandika. Tazama, barua yake hii hapa, nimeipiga picha."

Madam akaitazama. "Barua hii kaandikiwa nani?"

"Ummi."

"Imefikaje kwenye simu yako?"

Hamida akanyosha mkono aichukue simu yake. Madam akanipa mimi ile simu nimsomee, na nikamsomea yote, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba. Nilipofika kwenye "usimwambie mtu, hasa huyo Hamida," kuna mtu nyuma alicheka. Hamida aliinamisha uso. Nilingoja mwezi mzima kuuona uso ule, na nitasema kweli, ulikuwa mtamu.

Madam akaniuliza, "Na wewe, mbona hukutia sukari?"

"Mimi nimetia wanga, madam. Ziko kumi na mbili kwa majirani, kwenye miavuli yao."

Alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini. Akasema, "Khalas. Zilete." Jumapili zilisimama mpaka mwisho. Mkataba nimetia saini leo asubuhi. Chumba kina dirisha.

Lakini nyanya, miguu ya Angella ilivimba. Sikumuonya. Nilikaa naye nikimpaka mafuta ya nazi, akaniuliza, "Mama Najla, ulijua?" Nikasema nilijua. Akanipa mguu wa pili, kisha akasema, "Siku nyengine ukiwa na adui niambie, nivae suruali." Anaongea na mimi, ila kidogo.

Hamida ameondoka bila kuaga. Kitanda chake nimekitandika mwenyewe. Nilidhani nitalala vizuri.

Mpe Najla habari. Mwambie kuna dirisha.

Mjukuu wako,
Ummi

*

Kibokoni
20 Novemba 2025

Kwa mke mwenzangu,

Waalaykum salaam. Sote wazima. Pasi ya Najla imetoka, picha yake kanuna kama kadhi. Ataruka na mjomba wako mwezi ujao inshallah. Kanga yako amekataa kuitia mzigoni, anataka kuivaa ndani ya ndege.

Miguu ya Angella ninaichukua mimi, si wewe. Mpelekee salamu zangu na kanga ya kisuto niliyoituma kwa Mahfudh. Nalifikiria mwizi, sikufikiria wachezaji. Mtu akingoja sana huona kitu kimoja tu.

Sasa nikwambie nililokuficha. Shoga yangu aliyenifundisha sukari ni Ashwaq, nyanyake Hamida. Uliponiandikia jina lake, barua ilinianguka mkononi. Miaka sitini na mbili, Ummi. Na Yaqoub kaishi naye mpaka kafa.

Nilipopata barua yako nilivaa buibui, nikachukua fimbo, nikapima ratili moja ya sukari kwenye bakuli langu la maua, nikaenda Kuze kwa miguu yangu na goti langu. Hamida ndiye aliyefungua mlango. Aliniamkia vizuri, macho chini. Ashwaq alikuwa kitandani, mzee kuliko mimi, kipini bado kipo.

Nikamwekea bakuli miguuni. Akaliangalia.

"Mpaka leo, Bi Sisimizi?"

"Mpaka leo."

"Alikuwa akikoroma, huyo Yaqoub," akasema. "Hukukosa kitu."

Nikamwambia, "Ningependa kumkosa mwenyewe, si kukoseshwa."

Tulikunywa kahawa, nikarudi nyumbani mwepesi kama msichana.

Unajua ada yetu, bakuli la mtu halirudishwi tupu. Leo asubuhi Hamida amelileta, limejaa vileja vya unga wa mchele, vya moto, vinameta juu. Kasema nyanyake kavikanda mwenyewe kwa ile sukari niliyompelekea. Nimepokea kwa mikono miwili, nimeshukuru sana. Najla analia anataka, nimempa tende.

Vileja nimeviweka dirishani tangu asubuhi, sisimizi waonje kwanza, na mimi nimeketi hapa nakuandikia huku navitazama. Sasa ni alasiri. Sisimizi wamepanda ukutani, wamefika kwenye ukingo wa bakuli, wamezunguka mara mbili.

Bado hawajaingia.

Nyanyako