Kioo cha Kijani

Nakuru,
3 Machi 1958

Dada yangu mpendwa Nanyama,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji, watoto wote, na hata yule ng'ombe mkorofi. Mimi naendelea vizuri. Natumaini mvua imeshuka huko Kimilili na mmeanza kupanda.

Najua umenuna kwa sababu sijaandika tangu Krismasi. Usinune. Kulikuwa na shida kidogo ya pikipiki. Unakumbuka kanisa lilinipa ile pikipiki ya BSA ya kuzungukia shule za mashambani, na mwalimu aliyekuwa nayo kabla yangu alikata kipande cha kioo cha dirisha akakifunga mbele kimkinge upepo? Basi nilikuwa natoka Kijabe na vitabu, napita Mai Mahiu, lori likarusha jiwe. Kioo chote kikavunjika. Mimi nilipata mchubuko tu, nao umepona.

Sasa kanisa limeniambia nichague kioo kingine, na nimeshindwa kuchagua. Cheka tu. Fundi wetu hapa, Kang'ethe, ameniwekea viwili mezani. Vyote ni vya plastiki ngumu, si kama kile cha dirisha. Kimoja ni cheupe, unaona ng'ambo kama vile hakuna kitu, na nikikaa kinanifika puani. Kang'ethe anakisifu hicho. Anasema mvua ikinyesha plastiki hujaa matone na hakuna kitu cha kuifuta, kwa hiyo macho ya dereva lazima yapite juu yake. Kingine ni kirefu, kinanipita kichwa, rangi yake kijani kama chupa, na chini kina turubai la kukinga miguu. Mtu akikaa nyuma yake haonekani vizuri, lakini jua la Naivasha halimchomi.

Moyo wangu uko kwa hicho cha kijani. Wewe unaonaje?

Jambo lingine. Mwambie mchungaji wa huko atafute mtu mwingine wa kuhubiri siku ya Pasaka. Kazi imenibana.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Wamalwa


Kimilili,
16 Machi 1958

Kwako Wamalwa,

Sisi wazima. Mvua imekuja na mawe, ikapiga maharagwe, lakini mahindi yalikuwa bado ardhini, kwa hiyo tunashukuru. Shemeji yako anaumwa mgongo na hataki kusema, anatembea tu kama aliyemeza mwiko.

Tangu lini ukamwuliza mkulima habari za vioo? Lakini kwa kuwa umeniuliza, nitajibu. Chukua hicho cheupe. Ulipokuja hapa na pikipiki mwaka jana, watoto walikutambua ungali ng'ambo ya mto. Walipiga kelele, "Ni mjomba, ona meno yake!" Maana ulikuwa ukicheka peke yako njia nzima. Sasa ukijifungia ndani ya chupa, nani atajua ni wewe? Watoto wa huko mashambani watakimbia wakidhani ni polisi. Na huyo fundi amekwambia sababu yenye akili. Wewe umenipa sababu ya jua. Umeanza lini kuogopa jua?

Habari ya Pasaka sijamwambia mchungaji. Amekwisha tangaza jina lako, na wazee wanangoja sauti yako. Omba ruhusa, njoo.

Mchubuko huo ulikuwa wapi? Hukusema.

Dada yako,
Nanyama


Nakuru,
29 Machi 1958

Dada,

Salamu. Mimi mzima.

Kioo nimekwisha chagua, nimefungiwa cha kijani. Kang'ethe alinung'unika lakini akakifunga. Sihubiri tena, nimemwomba mchungaji wa hapa aniache kwenye ghala la vitabu. Amekubali nusu: napeleka vitabu shuleni, naviacha mlangoni, narudi. Kazi hiyo inanifaa.

Pasaka msinitegemee. Wala usijisumbue kuja huku, nyumba ni ndogo na mimi nitakuwa safarini.

Ndugu yako,
Wamalwa


Kimilili,
15 Aprili 1958

Ndugu Wamalwa,

Natumaini u mzima, sisi pia wazima. Pasaka ilikuwa njema, watu walikuwa wengi. Tumemaliza palizi ya kwanza. Sina habari nyingine.

Dada yako,
Nanyama


Nakuru,
4 Mei 1958

Dada yangu Nanyama,

Nakusalimu kwa moyo. Nimeisoma barua yako fupi mara nyingi. Hujawahi kuniandikia bila kumsema shemeji, wala bila kuniuliza kama nakula.

Dada, nilikuona.

Jumamosi ya Pasaka nilikwenda stesheni kuchukua furushi la vitabu. Treni ya kutoka Uganda ilikuwa imefika, watu wanashuka. Nikaona kile kitambaa chako cha manjano, nikaona na kuku ndani ya kikapu. Nilisahau kila kitu. Nikaanza kuja kwako, nikafungua mdomo nikuite. Wewe ukageuka ukaniona. Ukafunika mdomo na kanga ukatazama ukuta.

Nilipita nyuma ya behewa la mizigo nikasimama huko mpaka watu wakaisha. Nilipotoka hukuwapo. Nikajiambia labda hukunitambua. Kisha barua yako ikaja, nikajua kwamba ulinitambua.

Sikulaumu. Hospitalini muuguzi aliponipa kioo cha kujitazama, mimi mwenyewe nilikilaza kifudifudi juu ya blanketi. Nilikosa kukuambia kwa sababu niliona haya, na kwa haya zangu nikakufanya ukutane na jambo hili stesheni, mbele ya watu, bila onyo. Sasa nitakuambia. Vipande vya kile kioo cha dirisha viliingia mdomoni. Mdomo wa juu ulishonwa ukavutwa kushoto mpaka karibu na shavu. Hata nikifunga mdomo, jino linaonekana. Nikinywa chai inatoka. Siwezi kusema "Baba Yetu" bila upepo kutoka kama tairi lililotobolewa. Jumapili ya kwanza baada ya hospitali nilijaribu kuomba kanisani, msichana mmoja akacheka, mama yake akampiga kofi. Lile kofi liliniuma kuliko kicheko.

Ndiyo maana nilitaka kioo cha kijani. Nyuma yake mimi ni mtu mwenye kofia tu.

Usijibu kama ni vigumu.

Ndugu yako mdogo,
Wamalwa


Kimilili,
20 Mei 1958

Wamalwa wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Nimechana karatasi nyingi, watoto wamewashia moto.

Ni kweli. Odero, yule gadi wa treni anayekufahamu, alipita Bungoma nikamuuliza habari zako, maana barua yako haikuwa na sauti yako. Akasema umepata kovu dogo mdomoni. Nikasema, kovu dogo ndilo linamfanya mtu akimbie watu wake? Nikachukua kuku na unga nikapanda treni bila kukuarifu. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kukugombeza. Nilijua nitakukumbatia kwanza, kisha nikugombeze.

Ulipokuja, nilikutambua kwa mwendo. Nikafurahi. Halafu nikaona uso, na mwili wangu ukageuka kabla sijauambia. Nakuandikia ukweli kwa sababu wewe umeniandikia ukweli. Mimi niliyekubeba mgongoni mama alipofariki, niliyekufuta kamasi, nilikuona nikaogopa kama naona mtu wa ajabu. Nilipopata nguvu ya kugeuka tena, hukuwapo. Ningeweza kukutafuta, kila mtu Nakuru angenionyesha nyumba ya mwalimu mwenye pikipiki. Sikukutafuta. Nilikaa kwenye banda la abiria na yule kuku. Mama mmoja akaniuliza, "Umefiwa, mama?" Nikamjibu, "Ndiyo." Wamalwa, nilijibu ndiyo, na wewe uko hai. Nikapanda treni ya kurudi.

Nyumbani nilisema nilikukosa, kwamba umekwenda safari ya Molo. Shemeji yako akanitazama tu. Tangu hapo nikikaa kula chakula hakipiti.

Siombi uniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Nauliza tu kama naweza kuja tena, na safari hii utajua siku. Kama hutaki, nitaelewa.

Unakula? Chai inayotoka, jaribu kikombe chembamba.

Dada yako,
Nanyama


Nakuru,
30 Juni 1958

Dada yangu,

Habari za siku nyingi? Huku baridi imeshika, asubuhi ukungu unalala barabarani mpaka jua lipande. Shemeji mgongo wake? Mwambie akanywe dawa, aache ushujaa.

Nimechelewa kujibu. Wiki za kwanza nilikuwa na hasira. Lile neno "ndiyo" ulilomjibu mama wa stesheni lilinirudia kila usiku. Niliapa sitakujibu kabisa. Kisha kuna jambo limetokea njiani kwenda shule ya Bahati, na mtu niliyetaka kumweleza ni wewe tu, hakuna mwingine ambaye angelicheka vizuri.

Nilikuwa napeleka vitabu kule asubuhi. Ukungu mzito, nami niko nyuma ya kijani changu, kila kitu kinaonekana kama kiko chini ya maji. Kang'ethe aliniambia macho yapite juu, lakini juu sifiki, kioo kimenipita kichwa. Basi nikaona kitu cheusi, nikafunga breki, pikipiki ikateleza, nikalala mtaroni. Nilipoinuka, mbele yangu kuna punda mwenye mitungi ya maji na mama mwenye fimbo. Anaitwa Njoki, mtoto wake yuko katika shule ile ile. Kofia ilikuwa imeanguka, na kitambaa ninachofunikia mdomo siku hizi pia. Nilitaka kuinamisha uso lakini hakunipa nafasi.

"Wewe mwalimu! Unataka kuua punda wangu? Kwani huoni?"

Nikasema, "Samahani, mama. Kioo kina giza, sikuona vizuri."

"Kioo cha kukuzuia kuona unakiweka cha nini?"

Nikaokota kofia. Akanisogelea akanitazama usoni, akatazama hasa, kama anavyotazama mguu wa punda.

"Na huo mdomo, uliupata namna hii hii?"

"Hapana, mama. Wakati ule nilikuwa naona."

Dada, nilicheka. Mate yakatoka, upepo ukatoka, nikacheka mpaka nikakaa chini mtaroni. Yeye hakucheka. Alisema mwanawe analalamika kwamba mwalimu anaacha vitabu mlangoni kama mtu anayelisha mbwa mkali. Akanisaidia kuinua pikipiki, akaenda zake bado akinitukana kwa Kikuyu.

Kwa kuwa nilikuwa nimechafuka tope na nimekwisha onekana, niliingia darasani. Nilisoma nao ukurasa mmoja. Walinikodolea macho. Wawili walipuliza kama mimi, wakaona nimewaona, wakanyamaza. Nilitamani ardhi inimeze, sikudanganyi. Lakini nilimaliza ukurasa.

Siku iliyofuata nilimrudishia Kang'ethe kioo. Kilikuwa kimekwaruzwa na mtaro, akasema atakikata kiwe kifuniko cha kitu kingine. Akanikalisha juu ya pikipiki, akanishikia kile cheupe, akakipandisha, akakishusha, akauliza, "Unaona juu?" Nikasema naona. "Basi hapo." Akakaza skrubu. Siku hiyo nilipita mjini, na kila mtu aliyetaka kunitazama alinitazama. Wengine waligeuka kama ulivyogeuka wewe. Bado inaniuma kila mara, na sijui kama itaacha.

Njoo Agosti, shule zikifungwa. Nitakuja stesheni. Ukitaka kugeuka, geuka, lakini usipande treni.

Ndugu yako mdogo,
Wamalwa


Kimilili,
27 Agosti 1958

Ndugu yangu,

Nimefika salama. Nimewakuta wote wazima, na shemeji yako amekubali kwenda kwa daktari baada ya kumwambia maneno yako. Odero alinitafutia kiti dirishani, umshukuru.

Uliniona pale stesheni. Najua uliniona, kwa sababu ulisimama mbali ukiwa umeshika kofia mkononi, ukaningoja. Nilikuwa nimejizoeza ndani ya treni, nikafumba macho nikakuwazia vile ulivyoniandikia, ili nisishtuke. Bado nilishtuka. Safari hii miguu haikugeuka, hilo tu ndilo ninaloweza kusema. Na siku zote tatu nilijikuta natazama sikio lako wakati unazungumza, kisha nikiona haya najilazimisha kurudi mdomoni. Uliona hilo pia. Hukusema. Asante.

Nimewaambia watu wa hapa ukweli, kwamba Pasaka nilikuona nikakimbia. Mke wa mchungaji hakujua aangalie wapi. Sasa wote tunajua ilivyo kukosa pa kutazama.

Lakini ninachotaka hasa kukuandikia ni ile asubuhi ya mwisho, tulipokuwa tunakunywa chai. Ulikuwa unanieleza jinsi Njoki anavyomwendesha punda, chai ikatiririka mpaka kidevuni. Nami bila kufikiri nikachukua pembe ya kanga nikakufuta, nikakushika kidevu nikakufuta vizuri. Ukanipiga mkono. Ukasema kwa sauti kubwa, "Niache, Nanyama, mimi si mtoto!" Ukanuna, ukageukia dirisha, ukakunja mabega kama zamani nilipokuwa nakuosha mbele ya wenzako.

Hukujua kwa nini nilitoka nje ghafla. Ulidhani nimekasirika. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta nikacheka peke yangu, mkono wangu ukiwa bado na chai, kwa sababu nilikuwa nimekugusa na sikukumbuka kuogopa.

Dada yako,
Nanyama