Kadi Ndani ya Barafu

Lake Charles, 11 Februari

Mdogo wangu Alcide,

Salamu. Natumaini mgongo umetulia na wamekupa blanketi la pili. Mimi mzima, Shangazi Noella mzima, ila magoti yanamsumbua. Bado nalala kwenye sofa lake.

Nimepata nyumba ya kuitamani. Iko Mtaa wa Opelousas, vyumba viwili, baraza la mbele, na paa jipya tangu kile kimbunga. Nimeshaiona mara tatu kwa nje. Kampuni inayoipangisha inataka alama za mkopo, zile zinazoonyesha unavyolipa madeni, zifike mia sita. Mimi nina mia tano arobaini na moja. Unajua sababu: gari lilizama kwenye mafuriko, deni lake halikuzama.

Kwa hiyo nimechukua kadi ya dhamana. Nimeweka dola mia tatu benki, nao wamenipa kadi yenye kikomo cha dola mia tatu. Nanunua kidogo, nalipa kwa wakati, benki inapeleka taarifa kwa wanaohesabu alama, alama zinapanda. Hapa kwa shangazi huwezi kuja, hizi ni nyumba za wazee za serikali na mtu aliyetoka gerezani hapokelewi. Afisa wako wa gereza anataka anwani utakayokaa ukiachiwa. Nitakupa anwani.

Dada yako,
Verlene


Gerezani, 2 Machi

Dada Verlene, shikamoo.

Mgongo unaendelea. Blanketi nimepata, lina tundu la ukubwa wa kichwa, nalivaa.

Nilimweleza Fontenot, jirani yangu wa kitanda, habari ya kadi yako. Akauliza, "Yaani dada yako ameikopesha benki ili benki imkopeshe yeye?" Nikamwambia ndiyo. "Kwa hela zake mwenyewe?" Ndiyo. Akasema, "Na sisi ndio tuliofungwa kwa wizi."

Bodi ya parole, ile ya kuachia watu kabla kifungo hakijaisha, itanisikiliza Oktoba. Afisa anasema anwani iwe mezani kwake kabla ya katikati ya Septemba, aikague. Bila anwani bodi haipotezi muda na mtu. Mimi sasa nahesabu vitu ambavyo sikuwa nikivihesabu zamani.

Msalimie shangazi. Mwambie nakumbuka soseji zake za wali.

Mdogo wako,
Alcide


Lake Charles, 4 Mei

Alcide mdogo wangu,

U hali gani? Huku joto limeanza mapema, na chumba cha kufulia pale hotelini ninapofanya kazi hakuna anayevumilia zaidi ya saa moja bila kutoka nje. Tuko salama.

Mia tano themanini na nane! Nimeiangalia simu mara mbili nikidhani ni ya mtu mwingine.

Mwezi wa kwanza wa kadi nilikosea. Nilinunua matairi, nikafika karibu na kikomo, nikalipa yote, na alama zikashuka. Nikapiga simu benki. Binti mmoja akaniambia, "Mama, taarifa tunaipeleka siku ya hesabu ya mwezi. Siku hiyo ulionekana umekamua kadi yote." Nikamwambia, "Lakini nililipa." Akasema, "Ulilipa baadaye." Haya. Tangu hapo nanunua mafuta ya gari tu, sigusi zaidi ya dola sitini au sabini kwa mwezi.

Kadi yenyewe nimeitia kwenye kopo la siagi lenye maji, nikaigandisha kwenye friza. Wanawake wa kanisani ndivyo wanavyofanya. Ukitamani kununua kitu, barafu inakupa muda wa kufikiri. Kwa ajili ya mafuta naitoa jioni ya kuamkia siku ya kwenda kituoni, iyeyuke.

Dada yako,
Verlene


Gerezani, 12 Mei

Dada, shikamoo. Habari za joto, habari za kazi?

Hongera kwa hizo alama. Nimezitangaza bweni zima.

Nina jambo. Akaunti yangu ya kantini imebaki senti. Sabuni nakopa, kahawa nakopa, na hapa ukikopa kahawa moja unarudisha mbili. Fontenot ananidai pakiti sita za tambi. Sitaki kufika mbele ya bodi nikiwa na ugomvi wa tambi kwenye faili langu.

Ungenitumia dola sitini. Najua mshahara wako ni mwisho wa mwezi. Tumia kadi, si ndiyo kazi yake? Unalipa kabla ya riba, na benki inaona unaitumia. Fontenot anasema wengi hutumiwa hivyo, kupitia simu, dakika tano.

Mdogo wako,
Alcide


Lake Charles, 20 Mei

Mdogo wangu,

Wewe mzima, mimi mzima. Nimetuma sitini. Barafu niliivunja kwa nyundo, sikuwa na subira.

Mlipe huyo mtu tambi zake. Usizoee.

Verlene, dada yako


Gerezani, 6 Julai

Dada mpendwa, shikamoo.

Natumaini nyote mnaendelea vizuri. Mimi silali. Siumwi, ila silali. Nikifumba macho naona baraza la nyumba ambayo sijawahi kuiona. Naweka viti, naviondoa, naviweka upande mwingine. Ni mbao au saruji? Niambie, ili niwe naweka viti mahali sahihi.

Fontenot nimemlipa. Sasa anasema kumbe riba yake ilikuwa ndogo, angenipandishia.

Umeshapeleka maombi? Alama ni ngapi sasa?

Mdogo wako,
Alcide


Gerezani, 30 Agosti

Dada Verlene,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, zile mbili hazikujibiwa. Kila wanapogawa barua nasimama karibu na mlango kama mjinga. Je, unaumwa? Shangazi yupo? Kwenye redio walisema kuna dhoruba Ghuba, wakasema imegeukia Florida, sikuamini.

Afisa ameniuliza tena anwani. Nikamwambia Mtaa wa Opelousas. Akasema, "Namba ngapi?" Sikuwa na namba.

Andika hata mstari mmoja.

Alcide


Lake Charles, 9 Septemba

Alcide,

Siumwi. Shangazi yupo. Julai na Agosti sikuandika kwa sababu nilitaka kukuandikia nikiwa na ufunguo. Sina ufunguo.

Alama ni mia tano ishirini na tisa. Maombi yamekataliwa siku ileile niliyoyapeleka. Nyumba ameshachukua mtu mwingine, ana pikipiki na mbwa.

Nakueleza ilivyokuwa, usome polepole. Zile sitini nilizokutumia, benki haikuzihesabu kama manunuzi. Kutuma pesa gerezani wanakuhesabu umechukua pesa taslimu. Wakakata dola kumi papo hapo, na riba ikaanza siku hiyohiyo, hakuna kusubiri mwisho wa mwezi. Juni nikalipa hesabu yote, pamoja na hizo kumi. Simu ikaandika sifuri. Nikairudisha kadi kwenye barafu, nikasema sasa isiguswe kabisa mpaka nyumba ipatikane, ionekane safi.

Kumbe kati ya siku ya hesabu na siku niliyolipa, riba ilikuwa inatembea. Ikaingia hesabu ya Julai: dola moja na senti arobaini na mbili. Hiyo sikuiona. Sikununua kitu, kwa nini niangalie? Ilani walikuwa wanapeleka kwenye barua pepe ya zamani, ile ya kabla ya kimbunga. Ikapita tarehe, wakaongeza faini, ikapita siku thelathini, wakanitangaza mdaiwa sugu.

Nilipiga simu. Nikamwambia yule mtu, "Mna dola mia tatu zangu hapo. Kwa nini hamkuchukua dola moja humo?"

"Dhamana si malipo, mama. Tunaigusa ukishindwa kabisa."

"Kwa hiyo mnanishika mkono huku mnaniangalia nazama?"

Akasema ananielewa. Sikutaka anielewe.

Nilijiambia nisikuandikie hili, lakini nitaliandika: ni kahawa yako, Alcide. Ni kahawa na tambi.

Verlene


Gerezani, 16 Septemba

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata. Nimeisoma polepole kama ulivyosema.

Ni kweli. Mimi ndiye niliyekwambia tumia kadi. Wewe ungesubiri mshahara.

Leo nimekwenda kwa afisa. Anasema ipo nyumba ya mpito ya watu wanaotoka gerezani huko Monroe, vitanda ishirini, wanatafutia watu kazi kwenye kiwanda cha kuku. Ni miezi sita. Ni mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwako, na sitaruhusiwa kutoka wilaya ile. Nisaini kufikia Ijumaa, au nisubiri bodi ya mwaka ujao nikiwa na anwani ya familia.

Sijasaini. Nina siku tatu. Nazunguka uani mpaka askari ameniuliza nimepoteza nini.

Alcide


Lake Charles, 18 Septemba

Alcide,

Nakuandikia nikiwa kazini, mashine zinanguruma, utanisamehe mwandiko.

Usisaini Monroe. Bi Eula Batiste, yule mkaribishaji wa kanisani, ana kijumba nyuma ya kwake. Yeye haangalii alama, anaangalia kama unaimba. Anataka dola mia tatu za kuanzia. Mia tatu zangu ziko benki! Nimepiga simu kufunga kadi. Wakasema nikifunga leo, hundi ya dhamana itakuja baada ya hesabu mbili za mwezi, labda mwishoni mwa Novemba. Nikawauliza, mlizichukua kwa dakika ngapi?

Bi Eula anasema anaweza kusubiri. Afisa wako je? Muulize kama atasubiri. Ukinijibu ndiyo, naifunga siku hiyo, na hizo alama ziende zinakokwenda.

Dada yako,
Verlene


Gerezani, 12 Oktoba

Dada Verlene, shikamoo. Wasalimie shangazi na Bi Eula.

Barua yako ilifika Jumatatu. Ijumaa nilikuwa nimeshasaini.

Hata ingewahi, ningesaini. Afisa hasubiri hundi. Na wewe ukifunga hiyo kadi utabaki na alama za kimbunga na sofa la shangazi. Kisha mimi niondoke siku moja, nipate mke, sijui nini, wewe ubaki kwenye kijumba cha Bi Eula unaimba ili usifukuzwe. Iache wazi. Lipa kila kitu, hata senti. Badilisha ile barua pepe.

Bodi imenikubalia. Mwenyekiti aliuliza, "Una mtu wa kumtegemea?" Nikasema ninaye. Akauliza yuko Monroe? Nikasema hayupo. Akaandika kitu.

Natoka tarehe 28, asubuhi. Gari la gereza linatupeleka kituo cha basi. Kama bado una hasira nami, ni haki yako.

Mdogo wako,
Alcide


Lake Charles, 19 Oktoba

Mdogo wangu Alcide,

Salamu. Tuko wazima. Shangazi amelia, kisha akauliza Monroe kuna kanisa.

Kadi sikuifunga. Ile dola moja na faini zake, jumla tatu na ushei, nimelipa, na barua pepe nimebadilisha. Binti wa benki anasema alama ya kuchelewa kulipa itakaa kwenye rekodi miaka saba, lakini itapungua nguvu. Hasira ninayo bado. Itapungua nguvu.

Nimeomba ruhusa kazini tarehe 28. Nimempigia afisa wako, anasema ndugu anaweza kukuchukua getini badala ya basi, mradi ufike Monroe kabla ya giza, bila kupitia nyumbani. Hatutapitia nyumbani. Lakini kutoka hapo ulipo mpaka Monroe ni mwendo wa saa tatu na nusu, nami naendesha taratibu.

Sina nyumba ya kukuonyesha. Tutakaa garini, utaniambia yote ambayo huandiki, nami nitakugombeza ana kwa ana, nimechoka kukugombeza kwa kalamu.

Usijibu barua hii. Jibu halitanikuta, nitakuwa njiani kuja kwako.

Dada yako,
Verlene