Skii Nyepesi Ulizozipima kwa Mkono

Mdogo wangu Salum,

Nakuandikia kwa sababu simu haikupati. Nimekaa chumbani kwangu hapa mtaa wa Huanshi Zhonglu, juu ya duka la simu, nje mvua ya manyunyu, na nyuma ya mlango zimesimama zile skii ulizomnunulia shemeji yako, kaka wa mkeo, ukaniachia nizitume baadaye, pacha wa zile ulizoondoka nazo. Moja ni nzima. Nyingine imevunjika. Soma mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Unakumbuka ulipokuja Guangzhou wakati wa joto? Ulidai umekuja kunisalimia tu, kumbe una lako. Ukanieleza kuwa baba mkwe wako, huko kwenye milima ya Ulaya ulikooa, hapandishwi mlimani na mashine kama watalii. Anapanda kwa miguu yake, skii, mbao zile mbili nyembamba, zimefungwa kwenye viatu, kisigino kimeachiwa huru, na chini zimebandikwa ngozi ya manyoya zisimrudishe nyuma. Akifika juu anabandua ngozi, anateremka kwenye theluji ambayo hakuna mtu aliyeikanyaga. Na baridi hii alikwambia mwende wote.

"Dada, kila mwaka naachwa jikoni na kina mama," ulisema. "Nikipanda naye, nimekuwa mtoto wa nyumba ile."

Goti lako bovu ulilificha kwake, kwangu hukuweza. Ndiyo maana ulitaka skii nyepesi.

Tukaenda kwenye kile kiwanda cha fimbo za kuvulia samaki na raketi, ambacho skii kilikuwa kimeanza juzijuzi. Laoban, mwenye kiwanda mwenyewe, alitupangia mezani. Ulizisimamisha moja moja zikufike kidevuni, ukatazama upana wa katikati, ukazipinda kwa goti lile zima. Zilikuwepo zenye mbao ndani, nzuri, imara. Zilikuwepo na nyingine zilizojazwa povu gumu. Mwisho ukafanya kile tunachofanya sote tunaosafirisha mizigo kwa ndege kwenda kuuza nyumbani: ukafumba macho, ukashika moja kila mkono, ukapima. Hivyo ndivyo tunavyochagua viatu, mapazia, hata maua ya plastiki, maana kwenye ndege uzito ndio unaotumaliza. Mkono ukishazoea hivyo, hauulizi jambo jingine.

"Hizi za povu," ukasema. "Kama sijashika kitu."

"Si zitavunjika?"

Laoban akailaza moja juu ya matofali mawili, akapanda katikati, akarukaruka na kandambili zake. "Mei wenti!" akasema, hakuna shida, ndilo neno lao la kila saa. Tukacheka naye. Bati la kiwanda lilikuwa linawaka kwa jua, na mle ndani, tukikutoa wewe, hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona theluji.

Pale uwanja wa ndege wa Baiyun ulizitia begani ukanipungia mkono kama huna mzigo. Nilikuonea fahari.

Juzi nilikuwa kwenye ule mgahawa wa Waislamu wa hapa, wenye tambi na nyama ya kondoo. Mwenye mgahawa akatoa beseni la plastiki kutoka chumba cha barafu, likampasukia mikononi. Nikakukumbuka ulivyokuwa mdogo, Ramadhani, mama amekutuma barafu ya sharubati, unarudi unalia: "Inauma, dada, inauma!" Ndipo nikagundua kosa letu. Skii zile tulizijaribu kwa kila kitu isipokuwa baridi.

Nikapeleka moja ya shemeji yako, nikamwomba yule bwana ailaze pamoja na kondoo wake. Alinitazama kama nimerukwa na akili, lakini akailaza. Jana mchana tukaitoa, tukaiweka juu ya matofali, nikapanda mimi na unene wangu huu unaonitania nao kila siku. Haikupiga kelele. Ililia kidogo tu, gundi ikaachia, matabaka yakaachana kama manda za sambusa, nami nikajikuta nimesimama sakafuni.

Nikakimbilia simu ya duka la chini. Mkeo, ambaye tungeelewana, hakuwepo. Akapokea mama yake. Nikapiga kelele, Salum, skii, hapana, Salum! Yeye ana neno moja tu la Kiswahili ulilomfundisha. "Salama," akasema. "Salama, salama," huku anacheka kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. Nyuma yake sikusikia sauti ya mwanamume yeyote. Leo nimepiga tangu alfajiri na hakuna anayepokea.

Naogopa, Salum. Nakuona unapanda vizuri, miguu myepesi, goti halikusumbui, na mzee anageuka kukutazama kwa ile heshima uliyoitamani. Kupanda hakunitishi. Kinachonitisha ni pale mnapobandua ngozi na kutazama chini.

Barua hii ikikukuta, basi nimejitia wazimu bure. Nicheke, mwite na mkeo, nichekeni wote. Halafu zitie moto hizo skii ununue zenye mbao, nzito, na goti liume. Wewe ni mtoto wa nyumba yetu tangu ulipozaliwa, na hukupandishwa mlima wowote kwa ajili hiyo. Nakupenda, mdogo wangu, na hilo sijui kwa nini sikulisema pale uwanja wa ndege.

Ngoja. Mwenye duka la simu ananiita kutoka chini. Nimechungulia dirishani, anasema ni simu yangu, ya kutoka nje, mama mmoja mtu mzima anayerudia neno lile lile moja tu.

Nimemuuliza kama huyo mama anacheka. Ametikisa kichwa, hacheki.

Nashuka.

Dada yako,
Mwanaidi