Bolti Kumi za Kumfuata Dada Fatu

Jumanne, 4 Juni
Uji, kisha kwenye pikapu. Nimeosha bolti kumi za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwa mafuta ya taa. Zinang'aa kuliko meno yangu. Tena ni nyingi kuliko meno yangu. Masasi nzima hakuna anayeijua injini hii kongwe ila mimi. Naifungua macho nimefumba. Karibu nimefumba.
Mke wangu, Mama Rukia, kauliza lini tunakwenda. Mara ya tatu leo. Dada yake, Fatu, yuko Newala peke yake, miguu imekataa. Nilitamba mbele ya ukoo wao wote: msikodi gari, namleta mimi, na kitanda chake. Basi ndiyo hivyo.

Alhamisi, 6 Juni
Mkono wa kulia umekufa ganzi tena. Vidole viwili havisikii kitu. Sijamwambia mtu. Wenzangu wana toki renchi, spana yenye namba za kupimia nguvu. Mimi kipimo changu ni huu mkono. Nilikuwa naisikia bolti ikisema basi. Sasa haisemi.
Naogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Upumbavu mtupu. Kaja mtani wangu Nandala, Mmakonde wa nyumba ya pili, kakalia tairi langu. "Bolti ya Mmakua mbuzi anaifungua kwa ulimi!" Mtani hakasirikiwi. Nikamwambia Mmakonde hata mlango wake anaufunga kwa kamba. Akasema anahesabu mpaka mia, nikimaliza zote kumi napewa jogoo.
Nikakaza toka mbele mpaka nyuma, mkupuo mmoja, napiga vigelegele mwenyewe. Alifika tisini na moja. Jogoo tumemla. Mgumu.
Hedi inaanzwa katikati, unakwenda nje huku na huku, kidogo kidogo, raundi tatu. Najua tangu kijana. Hata pale nakaza, nilijua.

Jumapili, 9 Juni
Tumeondoka alfajiri. Nusu ya mlima wa Newala, moshi mweupe. Gasketi, ile karatasi ngumu ya chini ya hedi, imepasuka, maji yameingia kwenye oili, imekuwa chai ya maziwa. Tumerudi tunavutwa na trekta.
Mama Rukia alivaa kitenge kipya. Tulipofika kakivua, kakikunja, kakirudisha sandukuni. Bora angenitukana.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemwambia. Habari ya jogoo na habari ya mkono. Ya jogoo kacheka. Ya mkono kalia. "Baba Rukia, si ungesema tu." Nimeona haya.

Jumanne, 11 Juni
Fundi mmoja wa Ndanda kaniazima toki renchi yake. Gasketi mpya kaileta Nandala, kaifuata mwenyewe kwa basi. Anasema ni matanga ya jogoo wake. Nimemwita mwizi wa gasketi, maana kushukuru sikuweza.

Jumatano, 12 Juni
Namba za hiyo spana ndogo kama mayai ya chawa. Nikamwita Mama Rukia asome. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa mkaa ukutani, tulipooana. Nilijifanya mzito ili akae karibu zaidi. Mpaka leo hajui.
Tumeshika spana pamoja, mikono minne. Katikati kwanza, kisha huku, kisha kule, mpaka za pembeni. Thelathini zote kumi. Turudie, hamsini. Turudie, sabini. Nikataka kuongeza kidogo kwa sifa, akanichapa kibao mkononi. "Sabini, mzee! Imetosha!"
Uzee huu wote, hakuna aliyewahi kunizuia kwenye injini. Nimependa.

Ijumaa, 14 Juni
Tumepanda. Gia ya pili, taratibu, Nandala nyuma anaimba vibaya. Kileleni nimesimama, nikachomoa kijiti cha oili. Nyeusi, safi, bila maji. Nimemwonyesha Mama Rukia kama namwonyesha mtoto mchanga.
Fatu alikuwa tayari mlangoni, mzigo umefungwa. Nikampa shikamoo. Kaitikia marahaba, halafu kamwambia mdogo wake kitu kwa Chimakonde, wakacheka mpaka wakashikana. Sikuambiwa. Kitanda tumefunga nyuma, Fatu kakaa mbele katikati yetu. Kushuka nilishika usukani kwa kushoto. Hakuna aliyenisema.

Jumapili, 16 Juni
Wako uani wanachambua kisamvu. Fatu kasinzia na jani mkononi, Mama Rukia anamfukuzia nzi. Mimi sina kazi. Nimekaa nao toka asubuhi, sijajisifu hata mara moja. Mama Rukia kaniuliza kama naumwa.