Mwanafunzi Wangu Alihesabu Vizuri, Nikamwadhibu

Shangazi Costancia mpendwa, shikamoo. Mke wangu Bibiana hunisomea ukurasa wako kila Jumapili, nami nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, leo nimo miongoni mwao, na ninakuomba unishike mkono kabla sijaharibu zaidi. Tafadhali badilisha majina.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari wilayani Kilosa, kwetu ni Vidunda, kule milimani. Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa wafalme wa Uingereza, nikakariri majina ya wake zao huku silijui jina la babu wa babu yangu, kwa hiyo tulipopata Uhuru na baadaye tukaambiwa elimu iwe ya kwetu, nilifurahi kuliko mtu yeyote, na mwaka huu wa 1974 nikabuni somo nililolipenda kupita yote, nikaliita kamba ya miaka. Tulifunga kamba ya katani ukutani kutoka mlangoni mpaka dirisha la mwisho, kila hatua miaka kumi, kisha kila mwanafunzi wa kidato cha pili akaenda kwao kuwauliza wazee, maana wazee wetu hawana tarehe, atakuambia nilizaliwa mwaka wa nzige, niliolewa mwaka mto Mkondoa ulipofurika, na mtoto akileta hayo tunatafuta mwaka wake na kubana karatasi. Ungeliona darasa lile, Shangazi! Watoto waliozoea kusinzia saa nane mchana walikuwa wanagombania mwaka wa njaa.

Ili kuwapa mfano nikabana karatasi mbili za kwetu. Moja ilikuwa hati ya baba yangu, Mzee Damiano, ya kuachishwa jeshi la Keya, lile la Waingereza, kwamba aliingia 1941 akatoka 1946. Nyingine ilikuwa cheti changu cha ubatizo, kwamba nilizaliwa Agosti 1944. Nilizibana kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikijisikia fahari.

Kuna binti anaitwa Raheli, mtoto wa mkulima wa Kidete, hodari kuliko darasa zima. Akanyoosha mkono akasema, "Samahani mwalimu, nafikiri karatasi moja imebanwa mahali si pake. Mzee Damiano alipokuja hapa darasani mwaka jana alituambia hakukanyaga nyumbani hata siku moja mpaka vita vilipokwisha, sasa mwalimu umezaliwa katikati." Alisema kwa adabu kabisa, alitaka kunisaidia kusahihisha. Nikasogea, nikasoma karatasi ya kwanza, nikasoma ya pili, zote ziko mahali pake. Huko nyuma mtu akacheka kidogo. Basi nikamwambia Raheli hana heshima, nikampeleka kupalilia mahindi ya shule wiki nzima, nikaishusha kamba nikaifungia kabatini, na tangu siku hiyo nafundisha kwa kuandika ubaoni tu nao wananakili.

Shangazi, huyu baba unayemsikia si baba wa kawaida kwangu. Koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani alilikata nilipoanza shule, fundi akanishonea koti la shule, yeye akabaki anatetemeka kwa baridi ya mlimani, na masika alinibeba mabegani kunivusha mto ili nifike shule ya misheni nikiwa mkavu. Siku ya Uhuru tuliteremka pamoja mpaka Kilosa kuona bendera, akanishika mkono mbele ya watu, mimi kijana wa miaka kumi na saba, nikaona haya nikauchomoa, na leo ninautamani mkono ule. Nyumba yetu ya zamani imekuwa magugu tangu wazazi wahamie kijiji kipya huku chini, lakini kila mwaka wiki ya Saba Saba mzee anapanda basi Kidodi, anabadilisha Mikumi, anakuja kusimulia darasa langu habari za Burma, mvua na ruba na nyumbu waliobeba mizinga, na siku zote anamalizia vilevile: "Nikafika kwangu nikakuta katoto kanatembea. Kalipoona viatu vyangu vya jeshi kakakimbilia jikoni kwa mama yake. Nikavua viatu, nikakaa chini, nikangoja. Baadaye kakatoka, kakanishika kidole. Ndiye huyu mwalimu wenu." Darasa linaangua kicheko, mimi nacheka kuliko wote, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuhesabu, mimi, mwalimu wa historia! Sasa ndiyo nakumbuka kwamba baba akiisimulia nyumbani, mama yangu huinuka akaenda kuangalia chungu.

Saba Saba imebaki wiki tatu. Nimeandika barua ya kumwambia asije, kwamba shule ina shughuli nyingi, iko mezani, sijaipeleka posta. Siku nyingine nataka niende nimuulize mimi ni mtoto wa nani, siku nyingine nataka nisimwone kabisa, na jana nilisikia Raheli ameomba kuacha historia. Sili vizuri. Nifanye nini?

Mwalimu Onesphory,
Kilosa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo pumua.

Pole sana. Nakupa pole kwa moyo wote, maana kuyasoma mambo kama hayo ukutani huku watoto wanakutazama si jambo dogo, na mtu anayempenda baba yake kama wewe lazima litamuuma. Pole imekwisha, sasa nikugombeze.

Nianze na Raheli. Ulimtuma mtoto akatafute ukweli kwa wazee, akauleta kwa adabu, ukampa jembe! Wenzako wanamwomba Mungu wapate mwanafunzi mmoja wa namna hiyo kabla hawajastaafu, wewe umempata na unamfukuza. Wazee wa watoto wa watu walipochunguzwa miaka yao ulifurahi, ilipofika zamu ya kwenu somo likawa utovu wa heshima. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na hati ya mzee, ulimwomba ruhusa kabla ya kuibana ukutani? Nilijua hukumwomba.

Halafu unazungumza kama mtu aliyefukua siri. Siri gani? Soma tena barua yako. Mzee Damiano amekuambia kwa kinywa chake, kila mwaka, mbele ya darasa zima, kwamba alikaa vitani miaka mitano na aliporudi akakuta mtoto anatembea. Unadhani askari aliyehesabu siku za Burma moja moja alishindwa kuhesabu miezi tisa? Alihesabu palepale mlangoni, mwanangu, kabla hujafika jikoni. Kisha akavua viatu akakaa chini. Hajakudanganya hata neno moja, wewe ndiye uliyekuwa unacheka badala ya kusikiliza. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, na waliosema hivyo walijua hesabu kukushinda wewe na kamba yako.

Mama yako usimguse. Usimuulize, usimzungukezunguke, usimtazame kwa jicho la polisi. Alikuwa msichana aliyeachwa mlimani peke yake wakati wa vita, na yaliyompata huyajui, yawe mapenzi, yawe nguvu za mtu, yawe njaa. Akitaka kukuambia atakuambia, asipotaka ni haki yake, nawe utaendelea kula chakula chake na kumshukuru.

Sasa fanya hivi. Barua iliyoko mezani ichane leo, na uandike nyingine ya kumwambia mzee kwamba darasa linamngoja. Jumatatu asubuhi irudishe kamba ukutani, umwite Raheli mbele ya wale wale waliomwona akienda shambani, useme: "Ulihesabu vizuri, mimi ndiye niliyekosea, nisamehe." Ukomee hapo. Usianze kujieleza, usilie, usimpe zawadi. Mwingine akiuliza habari za kwenu, mwambie hayo ni ya nyumbani. Wataelewa, maana nusu yao wana ya kwao. Na kwa mkuu wa shule uende wewe mwenyewe kumwambia kwamba binti anabaki kwenye historia, kama yeye bado anataka. Binti akikataa, ujue kosa ni lako na uheshimu neno lake.

Mzee akija, hati yake umrudishie mkononi, umweleze uliitumiaje, umwombe radhi. Akikuuliza kwa nini umekonda, mwambie ukweli, yeye si mtoto. Najua ulimi utakuwasha umuulize huyo mwanamume mwingine ni nani. Usimuulize. Mtu huyo hakukushonea koti wala hakukuvusha mto, na jina lake halitakuongezea kitu chochote ila usingizi mbaya.

Lakini kuuliza, uulize, maana mzee hataishi milele na kuna jambo moja ambalo analijua yeye peke yake. Tarehe zote unazo, mwalimu. Muulize kwa nini siku ile alivua viatu akakaa, kisha unyamaze mpaka amalize.

Shangazi Costancia