Suruali ya mwalimu mkuu

We, nimekwisha.

Si unajua leo tulikuwa na matembezi yetu huko mashambani? Nimevaa suruali ya mwalimu mkuu, ile niliyomshonea ya kumwozeshea binti yake kesho. Nilitaka kuringa kidogo tu.

Tumeruka mitaro, tumepita vichakani, tope hadi magotini. Njiani akapiga simu. Nikamwambia, "Mwalimu, naipiga pasi sasa hivi." Naipiga pasi, mimi huyu.

Tumefika baa, nimekaa tu, naye huyu hapa. Kavuta kiti mezani kwetu. "Fundi, pasi umemwachia nani?"

Miguu nimeificha chini ya meza, nakuandikia kwa siri. Wenzangu wanacheka. Niletee suruali yoyote, hata ya mjomba.

Sasa anasema, "Inuka basi, tukaichukue pamoja."