Kikaratasi cha Kazungu

Jumatatu, 6 Mei 1968
Orodha imeshuka kutoka ofisini. Pasi kumi na tisa za kuingilia bandarini zimefutwa! Mkubwa wangu, Barnabas, ataka kila mwenyewe akifika langoni apewe kikaratasi: "Pasi yako imefutwa. Ondoka." Basi. Watu waliobeba magunia hapa gatini Mbaraki miaka ishirini! Nikamwambia sivyo watu wa hapa wanavyoambiwa. Akacheka — haya, karani, andika upendavyo, mradi wasiingie.

Jumanne, 7 Mei
Nimeandika mpaka vidole vinauma. Mgonjwa nimemwombea afya, mzee nimemshukuru. Kila mmoja na yake. Kwa Kazungu kalamu iligoma — ndiye aliyenibeba mgongoni siku nilipovunjika mguu. Nikaandika: "Pasi yako imesimamishwa kwa sasa. Tafadhali subiri mpaka uitwe." Muhuri. Akasoma mara mbili, akanishika mkono, akashukuru. Nikajiona mwungwana!

Jumatatu, 13 Mei
Kazungu yuko nje ya lango, mvua yamnyea. Asubiri kuitwa.

Alhamisi, 16 Mei
Bado yuko. Barnabas kaniuliza yule angoja nini. Nimesema sijui. Mwongo mimi.

Jumapili, 19 Mei
Mke wangu, Mwanakuu, kakutana sokoni na mkewe Kazungu. Kazungu kapata kazi ya bustani Kizingo, na chumba juu yake — kaikataa! Eti asije akaitwa akakosekana. Wenyewe wamempa mpaka kesho jioni.
"Nawe, Babake Swabaha, wajua kuwa hatoitwa?"
Nikasukuma sahani.
"Basi mwendee umwambie! Ni adabu gani hiyo ya kumtesa mtu?"
Barnabas na ukali wake angemwachilia siku ile ile. Mimi na maneno yangu matamu nimemfunga pale langoni. Najichukia.

Jumatatu, 20 Mei
Saa nne nimetoka. Kanisogezea nafasi kwenye gogo alilokalia. Nimesema yote: kazi imekwisha, hakuna wa kumwita, yale maneno niliyatunga mimi kwa haya zangu. Nenda Kizingo leo!
Kisha kakitoa kikaratasi kifuani, alichokifunga kwa nailoni, kikavu.
"Wamekulazimisha useme hivyo, Bwana Badawi?"
La, wallahi!
"Hiki kina muhuri. Hayo usemayo hayana. Niandikie, nitakwenda."
Nimerudi mezani. Maneno ni manne tu, yale ya Barnabas. Sasa yapata saa kumi, yeye yuko pale pale kwenye gogo, nami nimeandika jina lake tu —